Mkasi wa Kiraka

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili mtu asije akanisifu bure. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa ngazi, naogopa simu ikilia alfajiri. Nadhani hata ushonaji niliuchagua kwa sababu cherehani haina mambo ya ghafla: ukikanyaga inakwenda, ukiacha inasimama. Lakini woga huo wote ulikuwa wa kuzoeleka. Woga wenyewe niliujua paka wetu alipoanza kukohoa.

Tunaishi watatu: mimi, dada yangu mkubwa, na Kiraka. Chumba cha mbele ndicho cha kazi, kina cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo cha wateja na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Mimi nakata na kushona. Dada anapiga pasi, anatia vifungo na anasema, na katika hizo tatu, kusema ndiyo kazi anayoifanya bila kupumzika. Kiraka hana kazi. Ni paka jike, mweupe mwenye mabaka meusi na mengine ya rangi ya kutu, utadhani aliyemshona aliishiwa kitambaa katikati akamalizia na mabaki.

Hatukumleta sisi. Alijileta mwenyewe akiwa mdogo, akapenya kwenye tundu lililo kati ya bati na ukuta, akaingia darini, akashuka chumbani pale penye ubao wa dari uliong'oka juu ya rafu ya majora ya vitambaa. Kwa hiyo masharti aliyaweka yeye. Habebwi, hapakatwi. Akitaka kusuguliwa shingo atakuja, na akitosheka ataondoka bila kuaga. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamleta kwa wakati wetu sisi, nacho ni mkasi.

Fundi yeyote anayejiheshimu atakuambia kwamba mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine. Haukati karatasi, haukati kamba, haufungui pakiti ya chumvi. Dada aliwahi kutumia wangu kukatia waya mwembamba wa ua la plastiki, nikamnunia mpaka akaniomba radhi, jambo ambalo si desturi yake. Mkasi wangu wa zamani ulipoisha makali niliustaafisha, ukaenda jikoni kumkatia Kiraka samaki. Skrubu yake imelegea, na ukiufungua na kuufunga hewani unalia kacha-kacha. Kila mchana nilisimama mlangoni mwa jiko nikaupiga, na popote alipokuwa Kiraka alitokea, mkia juu.

Mchana mmoja nikaupiga, hakuja. Nilimkuta nyuma ya majora amejikunja, anakohoa kikohozi cha majimaji, mbavu zinakwenda mbio ilhali yeye mwenyewe amelala. Roho iliniruka. Tulimtia kwenye kikapu, tukafunika kwa kitambaa, na njia nzima ya kwenda kwa daktari wa mifugo dada hakusema neno. Hapo ndipo nilipojua kwamba hali si nzuri.

Daktari ni mtu mnene, mpole, aliyezoea ng'ombe, na chumba chake kina kamba nene mlangoni na harufu ya dawa inayokaa kwenye nguo mpaka kesho yake. Alimsikiliza Kiraka kifuani kwa muda mrefu. Akasema mapafu yameingia ugonjwa. Akatoa pakiti ya vidonge: nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, mpaka viishe, bila kuruka. Akatuonyesha namna ya kumpa. Alimshika kichwa, akakiinua, taya likafunguka lenyewe, akatupia nusu ya kwanza nyuma ya ulimi, akamsugua koo. Yote hayo kabla sijamaliza kufumba jicho.

"Ukiruka dozi, fundi, nisikudanganye," aliniambia akinirudishia kikapu, "mnyama mdogo kama huyu hana akiba."

Nyumbani kwetu mambo hayakwenda hivyo. Jioni ile nilificha nusu kidonge ndani ya samaki. Kiraka alikula samaki, pembeni, juu na chini, akaacha kidonge sahanini kisafi kama kifungo. Asubuhi yake nikakisaga nikakichanganya na maziwa. Alinusa mara moja, akaniangalia usoni, akaondoka. Dada akasema huyu paka ana akili kuliko wateja wetu wote. Tukamfunga kwenye shali, dada akamshika, mimi nikasukuma kidonge mdomoni. Kilitoka na povu. Nikakirudisha, kikatoka tena, na mwishowe hatukujua kama alikimeza au kiliruka kikapotea, mpaka nilipokiona chini ya pedali ya cherehani nikifagia. Nilikishika kiganjani nikahesabu upya. Dozi mbili tayari zilikuwa zimerukwa, na hiyo ya tatu nilikuwa nimeihesabu kwamba imeingia.

Baada ya shali Kiraka akawa hakai tena karibu nasi. Alijichimbia nyuma ya majora, ukimfuata kushoto anatokea kulia. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nina hakika ni fundi cherehani peke yake angelifanya.

Kidonge kilitakiwa kukatwa nusu. Mtu mwingine angechukua kisu. Mimi kisu hakinipi mstari, kilikuwa kinakivunja kidonge vipande visivyolingana, na mkono wangu hauvumilii kitu kilichokatwa upogo. Nilitaka mkasi. Mkasi wa kitambaa ulikuwa mezani pale mbele yangu, mkali, umekaa tayari, na wala haukunipitia akilini, kwa sababu ule haukati kitu kingine. Nikaenda jikoni nikachukua ule wa Kiraka.

Nilikata. Ukalia. Na nyuma ya majora akatoka Kiraka, mgonjwa, amekonda, mkia juu, akaja moja kwa moja miguuni kwangu kutafuta samaki wake.

Dada alininong'oneza nimkamate. Nikamkamata. Alishtuka kiasi kwamba mdomo ulifunguka wenyewe, nusu kidonge ikaingia, ikapita kooni. Tulifurahi kama watu waliookota hazina. Nilimkatia samaki akakataa, nikajiambia ni hasira, zitapoa.

Jioni nikaupiga mkasi kwa makusudi. Alitokeza kichwa, akasimama. Nikaupiga tena na kumwita kwa ile sauti yangu ya samaki, laini, ya kubembeleza. Akapiga hatua, akasita, akaja. Nikamkamata tena. Nusu ikaingia. Nilipomwachia hakurudi nyuma ya majora. Alirukia rafu, akapanda mpaka kwenye ubao uliong'oka, akapotelea darini.

Hakushuka tena. Tulimsikia tu. Nilikuwa nikishona mstari mmoja nainua mguu kwenye pedali, nasikiliza, nasikia akikohoa juu yetu, naendelea. Mstari mwingine, nainua mguu, nasikiliza. Mteja mmoja aliyekuja kujaribu gauni lake aliuliza kama dari letu lina mgonjwa. Dada akamjibu kwamba ndiyo, tena ni mwenye nyumba. Mteja alicheka. Pini zikawa zinanichoma mimi badala ya kuingia kwenye pindo.

Asubuhi dozi haikuingia. Tulipanga samaki juu ya rafu, hakugusa. Dada akaja na wazo: tuzibe tundu la bati kwa ubao, asipate pa kutokea, halafu tupande wawili tumbane pembeni. Nilishikwa na woga wa aina mbili kwa mpigo. Tukiziba, tutakuwa tumemfungia gerezani. Tusipoziba, anaweza kutoka akaenda kufia kwenye mtaro wa watu. Nilimwambia dada asubiri kwanza nikate kitambaa cha mteja, kwa sababu nikiogopa sana hujitupa kwenye kazi.

Nikatandaza kitambaa, nikachora kwa chaki, nikachukua mkasi mkubwa, ule usiokata kitu kingine. Mkato wa kwanza tu, darini kukawa na purukushani. Kucha zilikwaruza mbao kutoka upande huu hadi upande wa tundu, na vumbi likatuangukia juu ya kitambaa. Kisha kikafuata kikohozi kirefu, kilichokataa kuisha.

Sikuwa nimemkamata kwa mkasi ule hata siku moja. Lakini kwake ilikuwa ni mkasi, basi.

Nilisimama na mkasi umeachama ndani ya kitambaa, siwezi kuufunga wala kuutoa. Dada alikuwa ameinua pasi. 

"Kama sisi na funguo za Baba," alisema.

Katika nyumba yetu hakuna shada la funguo. Kila ufunguo una msumari wake ukutani, peke yake, na mgeni akiuliza tunasema ni kwa ajili ya kutopoteza. Baba yetu alikuwa akirudi, funguo zake zilisikika kuanzia kona ya nyumba, na watoto tulitawanyika: mimi chini ya kitanda, dada nyuma ya pipa la maji. Lakini hakutufuata huko. Alikaa kwenye kiti chake akatuita. Alikuwa na sauti nzuri Baba. Njooni wanangu, alisema, njooni muone nilichowaletea. Na wakati mwingine alikuwa ametuletea karanga kweli, kwenye kikaratasi, za moto. Wakati mwingine ilikuwa mkanda. Hakukuwa na namna ya kujua mpaka umefika magotini kwake, na kutokwenda haikuwezekana, kwa sababu kuna siku zile za karanga.

Niliuacha mkasi pale pale nikakaa chini. Niliogopa, tena si kwa ajili ya paka tu. Niliogopa mikono yangu. Niliogopa ile sauti yangu laini ya jioni, iliyotoka bila hata kuifundisha, nikajiuliza niliitoa wapi, na nilijua nilikoitoa.

Tulikaa hivyo muda, dada akipiga pasi shati lile lile. Halafu nikagundua kwamba juu kumekuwa kimya.

Nikasikiliza. Nikamwambia dada azime redio. Nikapanda kwenye kiti, nikaweka sikio karibu na ubao. Hakuna kikohozi, hakuna mkwaruzo.  Nilimpigia daktari, nikamweleza kwa maneno yasiyo na mpangilio. Alinijibu kwamba asubuhi imekwisha kupita bure, na kama mchana huu hatapata kitu mwilini, hajui kesho atanisaidia nini. Alisema kwa upole, na upole wake ulinitisha zaidi.

Dada alikuwa ameshauchukua ule mkasi wa jikoni.

"Piga," alisema. "Mara hii tu. Njaa itamshusha."

Na angeweza kushuka. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote: kwamba pengine, akiwa anakufa kwa njaa na kifua, angenisikia akashuka tena, akatambaa mpaka miguuni kwangu kwa sababu kuna siku zile za samaki.

"Simwiti tena kwa dawa," nilisema. "Kipigo tulikizoea, dada. Kilichotumaliza ni kuitwa."

Aliniangalia.  Aliuweka mkasi chini taratibu, akaenda uani, akarudi na ngazi.

Nilimega samaki kwa vidole, nikamtia kwenye sahani ya kupanda nayo. Kidonge nilikikata kwa kisu, upogo, na nusu niliyochukua ilikuwa kubwa kidogo kuliko mwenzake. Nilipiga moyo konde nikaweka mguu kwenye ngazi. Nimeshasema ngazi naziogopa. Dada aliishika kwa mikono miwili, akaniuliza kuhusu tundu la bati, kama azibe kwa nje kwanza. Nikamwambia aliache wazi.

"Akitoka je?"

"Akitoka, ametoka."

Nilisema hivyo, nikapanda, nikajipenyeza pale penye ubao uliong'oka.

Darini kulikuwa na joto la kuchoma masikio na vumbi la miaka. Nililala kifudifudi juu ya boriti, kwa kuwa nje ya boriti ubao ungevunjika nikamwangukia dada. Nilisukuma sahani mbele yangu, nikatambaa. Mwisho kabisa, chini ya bati, tundu lilikuwa linaingiza mwanga, na ndani ya mwanga ule kulikuwa na kitu cheupe kimelala ubavu.

Hakikujongea. Nilitazama mbavu zake, sikuona zikienda. Nilitaka kurudi chini nimwambie dada apande yeye, ili awe yeye wa kwanza kujua. Nilitaka kuliita jina lake, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza. Nikatambaa tena, urefu wa mkono, na sikio moja likageuka.

Alikuwa hai. Aliniona. Macho yalikuwa makubwa, meusi tupu, na mwili wote ulijibana kwenye ukuta. Hatua moja nyuma yake kulikuwa na tundu, na nje ya tundu ulimwengu mzima wa kwenda kufia.

Sikubembeleza. Nilinyoosha kiganja, kidonge kikionekana, nikamwambia kwa sauti yangu ya kawaida, ile ninayowaambia wateja kwamba nguo haijawa tayari: "Nimekuja na dawa. Ni chungu. Nakupa, halafu nakuachia."

Najua paka haelewi maneno. Sikuwa nimemwambia yeye peke yake.

Nikamshika shingo. Alipigana kwa nguvu ambazo sikujua amebaki nazo. Alinipiga kucha kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko, na nilipomfungua mdomo alinizamishia meno kwenye kidole cha shahada, kile ninachosukumia sindano. Sikukitoa. Nilikiacha pale mpaka nusu kidonge ikapita nyuma ya ulimi, nikafunga taya, nikasugua koo kama daktari. Nikalisikia likimeza. Ilikuwa kitu kidogo sana kusikia, mbonyeo mmoja chini ya kidole.

Na palepale nikafungua mikono yote miwili. Sikumpapasa, sikuomba radhi, sikumshikilia hata kidogo zaidi ili nijiridhishe.

Aliruka kwenye tundu. Kichwa kikatoka nje, mabega yakatoka, nikabaki kuona mgongo na mkia ukiwa umevimba manyoya. Damu ilikuwa inanitiririka kiganjani na moyo unadunda kwenye boriti hadi nikahofia dari zima linausikia. Jina lake lilirudi tena kwenye meno. Ningemwita, pengine angegeuka. Niliuma mdomo. Sijawahi kuogopa hivyo katika maisha yangu, hata chini ya kile kitanda, kwa sababu kule nilikuwa naogopa kitakachonipata mimi.

Alikaa hivyo, nusu nje nusu ndani. Upepo ulimpeperusha manyoya ya shingoni. Akakohoa. Kisha, polepole, kinyumenyume, akarudi ndani.

Hakunikaribia. Alizunguka kwa mbali kadiri dari lilivyomruhusu, tumbo likiburuzika chini, akaifikia sahani. Akaivuta kwa mguu ikawa mbali nami zaidi. Akanigeuzia mgongo kabisa, akaanza kula, akinguruma kooni kwa kila tonge, na mkia wake ukipiga ubao, pa, pa, pa, vumbi likiruka.

Chini dada hakuweza kuvumilia tena.

"Ameondoka?"

"Hapana."

"Amekufa?"

"Hapana, dada. Anakula." Ilibidi nipumzike kidogo kabla ya kuendelea. "Amekasirika. Amenigeuzia mgongo, anakula na amenikasirikia."

"Amekukasirikia wewe?"

"Mimi. Tena waziwazi."

 Ngazi ilianza kutikisika, kidogo kwanza, kisha sana, mpaka boriti nililolilalia likatetemeka, nikajua ameegemeza paji la uso kwenye ngazi na analia. Mimi pia nilikuwa nalia, na pua imejaa vumbi. Sisi hatukuwahi kumkasirikia Baba. Hatukuthubutu, hata siku ya mazishi yake. Tulisimama pale tumeshikana mikono, watu wazima, tukiogopa.

Juu ya sahani mkia uliendelea kupiga ubao.

"Mwache akasirike," dada alisema kutoka chini. "Mwambie jioni utapanda tena."

Nikamwambia.